Hivi "Hons" kwenye cheti cha digrii ndo nini hasa? Na mtu mwenye 4.39 kwa nini aandikiwe 4.3?

#1 ChaiMaziwa
Wadau habari za jioni. Nina maswali mawili yameungana, naomba mnisaidie maana nyumbani hatulali.

Juzi tulikuwa kwenye mahafali ya mdogo wangu wa kike, kamaliza miaka mitatu, na ndo wa kwanza kwetu kufika chuo kikuu, mi niliishia ufundi. Mama katoka Tabora na basi, lile shada la kumetameta la kumvalisha shingoni kalifungia kwenye kanga lisivunjikevunjike na kalipakata njia nzima. Ikafika sehemu mshereheshaji anasema wahitimu wa daraja la kwanza wasimame tuwapongeze. Wakasimama kumi na kitu hivi, makofi, vigelegele. Mama akaanza kunyoosha shingo anamtafuta mwanae, akanivuta shati, "mbona wetu kakaa?" Maana nyumbani sote tunajua dogo ana fasti klasi, mwaka wa kwanza alipata 4.5 tukachinja kuku.

Tuliporudi ndo akatoa transkripti. GPA (wastani wa pointi) 4.3, apa sekondi, yaani daraja la pili la juu. Akachukua kalamu akanipigia hesabu nyuma ya kadi ya mwaliko, pointi 1608 gawanya kwa krediti 366 inakuja 4.393. Fasti klasi inaanzia 4.4. Sasa mi na elimu yangu ya darasa la saba nilifundishwa 4.393 ukiiweka kwenye desimali moja inakuwa 4.4, hawa wamepata wapi 4.3?

La pili, kwenye cheti chake hakuna neno "Hons" ila cha jirani yetu aliyesoma Uingereza lipo. Mama anauliza kama heshima yake wameinyima.

#2 mzazi_wa_mapacha
Hongera kwa mdogo wako kwanza. 4.3 ni GPA kubwa sana, watu wanazililia 2.7 huku.

#3 Bi_Mtihani
Nimefanya kazi ofisi ya mitihani ya chuo kimoja miaka kadhaa, naomba nieleze taratibu maana hili swali tulikuwa tunaulizwa kila Novemba na wazazi wanakuja wamevimba.

Hawakukosea hesabu. Kwenye kanuni za vyuo vyetu vingi GPA ya mwisho haikadiriwi, inakatwa. Yaani unaandika desimali ya kwanza zinazobaki zote unatupa. 4.31 ni 4.3, 4.39 ni 4.3, 4.399 nayo 4.3. Ndio maana madaraja yenyewe yameandikwa kwa desimali moja: fasti klasi 4.4 mpaka 5.0, apa sekondi 3.5 mpaka 4.3, loa sekondi 2.7 mpaka 3.4, pasi 2.0 mpaka 2.6. Hakuna pengo kati ya 4.3 na 4.4 kwa sababu kwa kanuni hiyo hakuna namba inayoweza kukaa katikati.

Sasa huyo binti, 4.4 mara 366 ni 1610.4. Alihitaji 1611. Amekosa pointi 3.

#4 ChaiMaziwa
@Bi_Mtihani pointi 3 ni maksi ngapi?

#5 Bi_Mtihani
Inategemea. A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, na unazidisha na krediti za somo. Somo la krediti 8 likipanda kutoka B+ kwenda A linakupa pointi 8 nzima. 1616 kwa 366 ni 4.41, fasti klasi. Mwangalie kwenye transkripti kama ana somo lolote lina 69 au 68. A inaanzia 70.

#6 ChaiMaziwa
Nimemuuliza sasa hivi. Takwimu, mwaka wa pili, semista ya pili. 69.

#7 kijana_wa_sapu
Dah.

#8 mzazi_wa_mapacha
Aisee. Maksi moja.

#9 Tungamo
Mimi ndo ninachokipinga siku zote kwenye hii mifumo ya GPA, watu wanabishana kuhusu desimali ya mwisho wakati uharibifu umeshafanyika mwanzoni kabisa. Angalia, mwenye 70 kwenye somo anapata 5, mwenye 98 anapata 5. Mwenye 60 anapata 4, mwenye 69 anapata 4. Kwa hiyo mtu wa kwanza akipata 70 masomo yote ana 5.0 kamili, anaitwa mwanafunzi bora. Mtu wa pili nusu ya masomo 95 na nusu 69, wastani wake ni 82, GPA yake 4.5. Mtu wa tatu 69 masomo yote, 4.0. Kati ya wa kwanza na wa tatu kuna maksi moja kwa kila somo ila kwenye cheti wamepishana pointi nzima. Hesabu ya mwisho hata ukiikadiria vizuri namna gani imeshatupa taarifa zote.

#10 PwaniHalisi
Salaam alaikum. Huku Kenya hayo ya GPA vyuo vingi havina, ni asilimia moja kwa moja. 70 kwenda juu fasti, 60 hadi 69 sekondi apa, 50 hadi 59 sekondi loa, 40 hadi 49 pasi. Kwa hivyo yule wa pili wa @Tungamo mwenye 82 hapa ni fasti bila mjadala na yule wa 69 kotekote ni apa. Lakini sikizeni, huzuni ni ile ile. Binamu yangu alikuwa na wastani wa 69 na nukta, akakaa mwezi mzima akitumaini idara itamsukuma. Haikumsukuma. Siku ya kufuzu wakaambiwa wote kwa pamoja wamepewa nguvu ya kusoma, akaja nyumbani akalala.

#11 Fundi_Umeme
Hiyo "nguvu ya kusoma" huwa siielewi, mtu kashasoma miaka minne ndo anapewa nguvu leo?

#12 PwaniHalisi
@Fundi_Umeme ni maneno ya Chansela ya kutunukia, yalitoka kwa Waingereza na majoho yao. Hapa Kenya ni utani wa kila msimu, mtu akifuzu twamuuliza umepewa nguvu ya kusoma basi tusomee hii bili ya stima.

#13 Nsubuga_wa_Entebbe
Naongeza la Uganda. Makerere nao wana GPA ya 5 ila wanaandika desimali mbili. Fasti klasi 4.40, apa sekondi 3.60 hadi 4.39, loa 2.80 hadi 3.59, pasi 2.00 hadi 2.79. Kwa hiyo dada yenu angekuwa Makerere angeandikiwa 4.39 na bado angekuwa apa sekondi! Tatizo sio kukata, tatizo ni kwamba 4.393 ni ndogo kuliko 4.4. Kukadiria ndo kungekuwa kumwongezea kitu ambacho hana.

#14 ChaiMaziwa
@Nsubuga_wa_Entebbe nimekuelewa kihesabu. Ila hebu fikiria, angekuwa na 4.39 imeandikwa, mtu akiisoma anaona huyu aligusa mlango. 4.3 haionyeshi kitu. Mtu wa 4.30 na yeye wanafanana.

#15 Nsubuga_wa_Entebbe
Hapo upo sahihi. Hilo nakubali.

#16 Mzee_wa_Bustani
Habarini vijana. Nirudi kwenye swali la "Hons" maana naona limesahaulika.

Haya madaraja hatukuyatunga sisi. Chuo cha Dar es Salaam kilipoanza tarehe 25 Oktoba 1961 kilianza kama tawi la Chuo Kikuu cha London, kitivo kimoja tu cha sheria, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, Mlimani walihamia 1964. Makerere nao walishaungana na London tangu 1949. Mwaka 1963 tukawa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Nairobi na Makerere, mpaka 1970 kila mmoja akashika njia yake. Kwa hiyo fasti, apa, loa, pasi, vyote tumerithi kwa London, kila nchi ikabadilisha vipimo ila ngazi zikabaki zile zile.

Kwa Waingereza "Honours" maana yake ni digrii iliyosomwa kwa kina na yenye daraja. Isiyo na Honours ni ya kawaida, haina daraja. Kwetu digrii ikishaandikwa daraja lake, hiyo heshima imo ndani tayari, vyuo vingi havioni haja ya kuandika "Hons". Mwambie mama hajanyimwa kitu.

#17 JembeHalilimi
Shikamoo mzee. Kweli kabisa, hata Mwalimu Nyerere alipata fasti klasi onazi pale Edinburgh 1952 ndo maana akaogopwa na wakoloni.

#18 Mzee_wa_Bustani
Marahaba. Hapana mwanangu, hilo si kweli na ni vizuri tulirekebishe. Mwalimu alipata M.A. ya Edinburgh 1952, lakini ile ya kawaida, haikuwa ya Honours. Kule Skotilandi digrii ya kwanza ya sanaa inaitwa M.A. na kuna njia mbili, ya kawaida miaka mitatu unasoma mambo mengi mapana, na ya Honours miaka minne unabobea kwenye somo moja au mawili. Yeye alichukua ile pana, akasoma uchumi, historia, falsafa, sheria ya katiba, anthropolojia, fasihi ya Kiingereza.

#19 JembeHalilimi
Mzee una uhakika? Mbona shuleni tuliambiwa alikuwa kichwa balaa.

#20 Mzee_wa_Bustani
Na alikuwa. Hayo mawili hayagombani. Digrii yake haikuwa na daraja kwa sababu aina hiyo haipewi daraja.

#21 kijana_wa_sapu
Leo nimejua Baba wa Taifa hakuwa na Hons. Namtumia mzee wangu huu uzi sasa hivi.

#22 PwaniHalisi
Na sisi wa Mombasa tuna Profesa Ali Mazrui. Mtihani wa Cambridge wa sekondari alipata daraja la tatu, Makerere wakamkataa. Akaja kufanya digrii Manchester akamaliza 1960 na sifa ya juu, halafu Columbia, halafu Oxford, na Makerere ile ile iliyomkataa akaenda kuwa profesa. Nyanya yangu alikuwa akitusimulia kila mtu akifeli hesabu.

#23 Daktari_Zamu
Nipo zamu ya usiku nimecheka peke yangu @kijana_wa_sapu. Jamani mnajua udaktari wa binadamu kwetu hauna daraja kabisa? Cheti changu cha MD hakina fasti wala apa wala loa. Vetinari nao hivyo hivyo. Unafaulu au hufaulu basi. Waliofanya vizuri wanapewa zawadi za somo mojamoja, mwanafunzi bora wa upasuaji, bora wa watoto, na hiyo ndo inaitwa heshima kwetu. Siku ya mahafali waliposema fasti klasi wasimame, darasa letu lote tulikaa, mama yangu naye aliuliza swali lile lile la mama yako @ChaiMaziwa. Miaka mitano usingizi hakuna halafu kusimama hakuna.

#24 mzazi_wa_mapacha
Kwa nini hawaweki daraja kwa madaktari?

#25 Daktari_Zamu
Nimesikia sababu tatu na kila profesa ana yake. Mmoja alituambia mgonjwa asije akaanza kuchagua daktari wa fasti akamkimbia wa pasi. Mwingine akasema pasi maksi yenyewe ipo juu, C ya chini haitoshi, kwa hiyo anayepita kapita kweli. Wa tatu akasema ni urithi tu, Uingereza nao ya udaktari haina madaraja yale. Sijui ipi ni ipi, naenda wodini.

#26 baridi_ya_Leeds
Mambo vipi. Nipo Uingereza mwaka wa tisa huu, nathibitisha la @Daktari_Zamu, udaktari hapa hauna fasti wala apa. Na la mzee pia, hapa ukikusanya krediti 360 unapata ya Honours, ukiishia 300 unapewa ya kawaida bila Honours. Kwa hiyo "Hons" ya jirani yenu haimaanishi kawa wa kwanza, hata mwenye daraja la tatu anaandikiwa Hons.

Halafu hapa fasti klasi zimejaa. Mwaka wa masomo 2010/11 waliopata fasti Uingereza walikuwa karibu asilimia 16, ilipofika 2020/21 wamezidi asilimia 37. Serikali yenyewe ikaanza kupiga kelele. Waajiri wengine wakubwa wanaandika tu "2:1 kwenda juu", yaani kuanzia apa sekondi, ukiwa na loa sekondi programu yao ya mtandaoni inakutoa hata barua yako haijasomwa. Hiyo loa wanaiita "Desmond", kwa sababu ni 2:2, tuu-tuu, kama Askofu Desmond Tutu.

#27 Fundi_Umeme
Yaani askofu wa watu na Nobeli yake kageuzwa jina la loa sekondi?

#28 baridi_ya_Leeds
Ndo hao. Na ya zamani ni kali zaidi. Cambridge kwenye hesabu walikuwa wanapanga majina kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho na wanayasoma hadharani. Yule aliyeshika mkia kati ya waliopata Honours wenzake walikuwa wanamshushia mwiko wa mbao kutoka ghorofani wakati anapokea digrii mbele ya watu wote. Wa mwisho kupewa ilikuwa 1909, alikuwa mpiga makasia, wakamtengenezea mwiko mrefu kuliko mita moja umechongwa kwenye kasia. Baada ya hapo wakaacha kutangaza majina kwa mpangilio wa nafasi, na mwiko ukafa.

#29 mzazi_wa_mapacha
Mwiko! Mbele ya mama yake mzazi! Hapana jamani.

#30 Asha_Vitabu
@baridi_ya_Leeds umesahau la Philippa Fawcett. Mwaka 1890 mtihani huo huo wa hesabu aliwashinda wanaume wote, lakini wanawake hawakuruhusiwa kuwekwa kwenye orodha moja nao, basi wakasoma jina lake kando, "juu ya yule wa kwanza". Na digrii hakupewa. Cambridge walianza kuwapa wanawake digrii 1948. Kwa hiyo @ChaiMaziwa kuna mtu alikuwa juu ya wa kwanza na akatoka bila digrii. Mdogo wako mwonyeshe hili, mimi nilipolisoma nikiwa mwaka wa kwanza nililibandika ukutani.

#31 ChaiMaziwa
@Asha_Vitabu nimemsomea. Kanyamaza halafu kaniomba nimtumie. Asante sana.

#32 Mwana_Lushi
Jambo bandugu. Miye niko Lubumbashi, Kongo. Huku kwa mufumo wa zamani hatukuwa na GPA, ilikuwa asilimia tu: satisfaksio kuanzia 50, distinksio kuanzia 70, distinksio kubwa kuanzia 80, ile kubwa kabisa kuanzia 90. Hiyo ya 90 miye sijawahi kuona mutu mwenye kuipata kwa macho yangu. Siku ya proklamasio banasoma majina kwa sauti mbele ya watu wote, ukisikia yako bandugu banakumwangia pudri kichwani, nyeupe, mpaka kope. Mwenye satisfaksio na mwenye distinksio wote banakuwa weupe sawasawa. Mama wa Tabora angefurahi huku.

#33 Fundi_Umeme
Hii ya pudri nimeipenda kuliko yote, haina desimali.

#34 Theluji_na_Ugali
Habari zenu, nipo Minnesota. Marekani wanatumia Kilatini. Cum laude maana yake kwa sifa, magna cum laude kwa sifa kubwa, summa cum laude kwa sifa ya juu kabisa. Harvard ndo walianza kutoa hizi sifa za kumalizia mwaka 1869, na kufika 1880 zikawa tatu kamili hizo. Siku ya mahafali unaona mtu kavaa kamba za rangi shingoni, kila kamba ina maana yake, mwenye nyingi anatembea kama farasi wa harusi.

Ila hapa nako kila chuo na lake. Vyuo vingine vinaweka GPA maalumu, ukiifikia unapata hata mkiwa mia tano. Vingine vinachukua asilimia fulani ya walio juu, Stanford wanachukua 15 bora kwa mia wanawaandikia "kwa sifa", kwa hiyo kufaulu kwako kunategemea mwenzako kafeli kiasi gani. MIT hawatoi kabisa. Na Harvard wenyewe mwaka 2001 gazeti moja la Boston lilifichua kwamba asilimia 91 ya wahitimu walitoka na sifa, ikawa aibu, wakaja kuweka kikomo.

#35 Tungamo
Asilimia 91! Sasa hao 9 ndo walipaswa kupewa kamba.

#36 Loa_Mtukufu
Mi naomba nipite na jambo la maisha. Wanaosema daraja halina maana huwa wana kazi tayari. Nilimaliza na 3.78, ikaandikwa 3.7. Ndoto yangu ilikuwa kufundisha chuo. Matangazo yote ya u-TA (msaidizi wa kufundisha chuoni) niliyokutana nayo yanataka kuanzia 3.8. Niliomba mara nne, siitwi hata intavyu. Lekchara aliyenisimamia tafiti alinipigia simu akaniambia kijana ofisi inakujua, inakutaka, lakini kwenye karatasi ni 3.7 na mkaguzi ataisoma karatasi. Leo nipo benki, nashukuru Mungu, hakuna aliyewahi kuniuliza GPA tangu siku ya kwanza. Ila kila Novemba nikiona majoho barabarani napata shida kidogo.

#37 Bi_Mtihani
@Loa_Mtukufu pole sana. Na jina lako ulibadilishe, 3.7 ni apa sekondi, sio loa.

#38 Loa_Mtukufu
Najua dada. Jina nililifungua mwaka wa kwanza nilipokuwa na 3.1.

#39 Fundi_Umeme
Kwa hiyo ulipanda kutoka 3.1 mpaka 3.78? Mbona hiyo huisemi mkuu? Hiyo ndo ingeandikwa kwenye cheti.

#40 Asha_Vitabu
Hili la @Fundi_Umeme lina uzito jamani. GPA yetu inajumlisha kila kitu sawasawa, mwaka wa kwanza mtoto katoka kijijini hajawahi kushika kompyuta, anapimwa kwa krediti zile zile na mwaka wa tatu alipokomaa. Nasikia Uingereza ipo tofauti, @baridi_ya_Leeds?

#41 baridi_ya_Leeds
Ndio, vyuo vingi hapa mwaka wa kwanza ni kufaulu tu, hauingii kwenye daraja. Mwaka wa mwisho ndo una uzito mkubwa.

#42 Bi_Mtihani
Naelewa ila nawapa upande wa pili, sisi tulioketi ofisini. Ukifuta mwaka wa kwanza, watoto hawaingii darasani mwaka wa kwanza. Na huyu binti wetu wa leo mwaka wake bora ulikuwa wa kwanza, 4.5. Ukiufuta angeshuka zaidi.

#43 Asha_Vitabu
Hapo umenishika.

#44 JembeHalilimi
Mi nadhani shida ni kusimamishana. NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, walitangaza Januari 2023 kwamba hawataji tena shule kumi bora wala wanafunzi bora, wakasema haina tija. Watu tulilalamika ila mitaani presha imepungua. Vyuo navyo viache, mpe kila mtu cheti chake akasome nyumbani.

#45 mzazi_wa_mapacha
Napinga. Mwanangu mmoja aliyepata zawadi ya somo darasa la nne, madaftari matatu na kalamu, ndo alipoanza kusoma bila kusukumwa. Mtoto akifanya vizuri asimame aonekane. Tatizo sio kusimama, ni kwamba walisimama wa aina moja tu. Mwite na wa kutoka 3.1 mpaka 3.7, mwite aliyesoma ananyonyesha.

#46 kijana_wa_sapu
Mimi niliyefanya fomu foo 2014 nilipewa "Merit" badala ya divisheni, ule mwaka walibadilisha. Halafu baadaye wakarudisha divisheni. Mpaka leo nikipeleka cheti mahali naulizwa hii Merit ndo divisheni ngapi.

#47 Tungamo
Hahaha nyie wa 2014 mna uzi wenu maalumu ufunguliwe.

#48 Shemeji_wa_Mbeya
Nimesoma uzi wote. Swali: kuna jamaa hapa mtaani anaitwa daktari, kasema ana "shahada ya heshima". Ndo hiyo Honours?

#49 Mzee_wa_Bustani
Hapana, na hapo ndipo Kiswahili chetu kinatuchanganya. Shahada ya heshima ni ile anayotunukiwa mtu kwa mchango wake bila kukaa darasani, kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilivyomtunuku Rais Samia udaktari wa heshima Novemba 2022. Honours ni ya mwanafunzi aliyefanya mitihani. Lugha moja neno moja, mambo mawili. Mimi napendekeza hii ya mwanafunzi tuiite "shahada yenye daraja".

#50 PwaniHalisi
Na Afrika Kusini ukisema Honours ni kitu cha tatu, ni mwaka mzima wa ziada baada ya digrii ya kwanza, yaelekea masta. Kwa hivyo mtu akikwambia ana Honours muulize kwanza ya wapi.

#51 Nsubuga_wa_Entebbe
"Shahada yenye daraja" inanipa picha ya mto.

#52 ChaiMaziwa
Wadau asanteni. @Bi_Mtihani nilitaka kuuliza, hiyo 69 anaweza kukata rufaa sasa?

#53 Bi_Mtihani
Rufaa inakatwa matokeo ya semista hiyo yakitoka, kuna siku chache tu na kuna ada. Hii ni ya mwaka wa pili, na Seneti imeshapitisha orodha ya wahitimu. Mlango umefungwa. Hakujua wakati ule kama itamgharimu?

#54 ChaiMaziwa
Anasema alipoiona alifurahi. Takwimu darasa zima walipigwa sapu (mtihani wa kurudia), yeye akapata B+, akatupigia simu nyumbani kutuambia kafaulu. Hata mi nakumbuka hiyo simu.

Mama kashajibu kwa namna yake. Leo asubuhi kabla ya basi kamwambia dogo avae joho tena (linarudishwa kesho), akamsimamisha uani kwa mwenye nyumba, akamvalisha lile shada upya, akapiga vigelegele peke yake mpaka wapangaji wakatoka. Akasema "sasa umesimama". Mi nilikuwa nimeshika begi lake mlangoni.

#55 Daktari_Zamu
Nimetoka wodini nakutana na hii. Mama apewe MD.

#56 Semista_ya_Tano
Samahani wakubwa nimeingia kwa kuchelewa, mimi ndo nipo chuo naanza mwaka wa tatu, huu uzi umenitoa jasho. Mpaka sasa nina pointi 1040 kwa krediti 240, na zimebaki krediti 120. Nina nafasi ya fasti?

#57 Bi_Mtihani
4.4 mara 360 ni 1584. Unahitaji 544 kwenye hizo 120. Ukipata B+ kila somo una 480, kwa hiyo zinabaki 64. Masomo yako ni ya krediti 8 yote?

#58 Semista_ya_Tano
Ndio, kumi na tano.

#59 Bi_Mtihani
Basi A nane, na saba zilizobaki zisishuke chini ya B+. Chukua prospektasi ya chuo chako usome mwenyewe kanuni ya GPA leo, usisubiri kuambiwa. Na matokeo ya kila semista yakitoka angalia kila 69 na 68 siku hiyo hiyo, ukiona una sababu ya kukata rufaa kata ndani ya zile siku.

#60 Tungamo
Na una Takwimu?

#61 Semista_ya_Tano
Ninayo, semista hii.